Pumzi za Singano

Hapo zamani, na wewe uliyejilaza hapo amka, maana mwisho nitakuuliza wewe, kule Tanga palikuwa na bondia wa uzito wa juu akiitwa Singano. Ngumi yake, mama yangu! Ikikupata husemi ulikula nini asubuhi. Lakini pumzi hana. Kengele ikilia anavamia, anapiga, anapiga. Raundi ya nne inamkuta amening'inia kwenye kamba, ulimi nje, mwenzake anamcharaza anavyotaka. Watu wakamwita Moto wa Mabua. Jina lile lilimuuma sana.

Mkewe, Mwanakombo, akampeleka kwenye kinu. "Twanga na mimi, mume wangu, kwa zamu. Ukiharakisha, michi itagongana." Mwanamume mzima anatwanga mpunga uani! Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Wanawake wakamsema Mwanakombo kwamba kamfanya mume kuwa mke. Akalia, kesho yake akatoa kinu tena. Singano akajifunza kuvuta pumzi mchi ukipanda, kuitoa ukishuka.

Rafiki yake Mdoe, naye bondia, akajitolea kupigana naye mazoezini. Kila jioni akazipokea ngumi zile, ili mwenzake azoee raundi nyingi. Siku moja mbavu za Mdoe zikavunjika. Daktari akasema ulingoni basi tena.

Kocha wao, Mzee Shemweta, akatoa amri moja: "Mwanangu, mkono wa kulia usiutoe mpaka nikwambie. Ukiutoa, narusha taulo."

Siku ya ubingwa ikafika. Mpinzani akamvamia kama nyuki. Singano akajikinga, akarudi nyuma, akapumua. Raundi ya pili, bado. Ya tano, bado. Ukumbi ukazomea: "Mwoga! Mpeni kinu chake!" Mkono wa kulia unamwasha. Akamtazama kocha. Mzee anatupiwa maganda ya machungwa, anatukaniwa mama yake, naye hatikisiki, taulo begani. Raundi ya nane mpinzani akaanza kuhema, mikono ikashuka.

"Sasa!"

Ngumi moja tu, mtu chali.

Basi mtaa wao ulikuwa na desturi: mkanda wa ubingwa haulali kwa bingwa. Bingwa huutundika nyumbani kwa yule aliyempa pumzi, mtu mmoja tu, na nyumba ile huheshimiwa milele. Jioni wakakutana.

Mwanakombo akasema, "Pumzi umeitoa kwenye kinu changu. Nami nilisemwa, nikavumilia."

Mzee Shemweta akasema, "Binti yangu, pumzi bila breki ni kazi bure. Ukumbi mzima ulitaka apige, mimi nikamzuia. Angepiga mapema, leo tungekuwa tunampa pole."

Mdoe alikaa pembeni, mkono ubavuni. Singano akamwambia, "Sema na wewe, ndugu yangu."

"Niseme nini? Hawa walikupa pumzi, wakabaki na zao. Mimi nimekupa zangu."

Singano akasimama na mkanda mikononi, machozi yanamtoka, jitu lile, kwa sababu wote watatu anawapenda, na wote watatu wanamtazama. Na msiniambie augawe! Mkanda ukikatwa vipande ni kamba za kufungia mbuzi.

Haya, wewe uliyekuwa umejilaza: autundike kwa nani?