Mtungi Kwenye Kizingiti

"Mimba huanza tumboni, haianzi machoni."

Aliyesema hivyo ni Nyanya Saru, wala hakuinua uso kutoka kwenye ungo wake wa mbaazi. Watu walikuwa kwenye kinu cha kusagia unga, wakingoja zamu. Msichana mmoja aliyeolewa juzijuzi alikuwa ameomba apite mbele na debe lake la mahindi, akapishwa, na kijana Mghenyi akanung'unika: "Huyu naye ana nini? Mbona tumbo lake limelala kama langu?" Ndipo nyanya akalitupa lile neno, akaendelea kupepeta.

Vijana wakataka kujua limetoka wapi. Kabla nyanya hajajibu, Mzee Mwadime alikuwa ameshavuta gunia lake karibu na kulikalia. Mzee huyu akiona masikio hawezi kuyapita bila kuyajaza.

"Niulizeni mimi," akasema, akiikaza kofia yake kichwani. "Hadithi nikiisimulia mimi haizidi chumvi wala haipungui maji. Ilivyotokea ndivyo itakavyotoka. Chanzo cha methali hii ni lile bomba letu la zamani, pale chini ya mlima, na ilianza hivi."

Mwaka huo mvua za vuli zilikipita kijiji bila hata salamu. Maji yalishuka kutoka mlimani kwa mpira mmoja, saa chache tu za asubuhi, na mitungi ikapangwa kuanzia bombani hadi ukutani mwa kanisa. Kamati ya maji ikaweka sheria mbili. Ya kwanza, kila nyumba mitungi miwili. Ya pili, mjamzito hapangi foleni. Kisha ikamweka kijana mmoja, aliyekuwa ametoka tu kumaliza kidato cha nne, asimamie zamu. Jina lake limeshaliwa na mchwa, hatuna haja nalo.

Kijana huyo alijaliwa ulimi. Mtungi ukivuja, aliuuliza unamlilia nani. Mzee akichelewa, alimwuliza kama amekuja kuteka maji au kuteka wachumba. Watu walimpenda, maana kungoja maji bila kicheko ni adhabu juu ya adhabu. Naye alipenda kupendwa. Wapo wanawake waliojaribu kupita mbele kwa kujifunga matambara tumboni, naye akawafichua mmoja mmoja, foleni ikashangilia. Tangu hapo akavimba kichwa. "Jicho langu ni mizani," akawa anajigamba. "Mjamzito namjua kwa mwendo, hata akipita gizani."

Asubuhi moja akaja Wakesho, mke wa Kizuka fundi baiskeli. Alikuwa ameolewa mwaka wa nne bila mtoto, na kijiji, kama mjuavyo vijiji, kilikuwa kimeshaanza kumwuliza habari za nyumbani kwa sauti ya msiba. Sasa alikuwa na mimba ya miezi miwili. Waliojua ni mumewe na mama mkwe tu, na mama mkwe alimwonya kama alivyoonywa yeye zamani: "Usimwambie mtu. Acha tumbo liseme lenyewe. Macho ya watu yana miiba."

Wakesho alidhani mimba ni tumbo. Hakuna aliyemwambia kwamba kabla ya tumbo kuna mate yanayojaa mdomoni hadi mtu anashindwa kuitikia salamu, kuna usingizi wa mchana kama wa mgonjwa, kuna kitunguu kinachokaangwa nyumba ya tatu kikamwangusha mtu kitandani kwake. Asubuhi hiyo alikuwa ametapika mara tatu. Tena alipoamka aliona tone la damu kwenye nguo, akaogopa, na hakuthubutu kumwendea mkunga, kwa kuwa alikuwa ameambiwa asimwambie mtu.

Basi akamsogelea kijana, ncha ya leso mdomoni, akanong'ona: "Kaka, niruhusu niteke nikalale. Nina mzigo."

"Mzigo gani, shemeji? Mbona mtungi mtupu?"

"Mimi ni mjamzito."

Kijana akamtazama tumboni, hakuona kitu. Akaitazama foleni, akaona nyuso zote zimegeuka kwake, zinangoja.

"Jamani!" akapaza sauti. "Shemeji ana mimba! Umeiweka wapi, shemeji, kwenye kisigino? Hata mbuzi wa Mwakio ana tumbo kukuzidi! Rudi nyumbani ukailete, tukiiona tutakupisha."

Foleni ikaangua kicheko. Wakesho alizitazama zile nyuso moja baada ya nyingine, kama mtu anayetafuta mmoja tu asiyecheka. Hakumpata. Akachukua mtungi wake, akaenda kuuweka mwisho kabisa.

Alisimama huko mpaka jua likafika utosini. Mara mbili alichuchumaa, akashika tumbo. Kijana alimwona. Moyo wake ulimwambia amwite mbele, lakini kumwita ilikuwa ni kukiri kwamba ule mzaha haukuwa mzaha. Akageuka, akajifanya anapanga mitungi iliyokwisha kupangwa.

"Babu," Mghenyi akadakia, "moyo wake ulivyomwambia, wewe umejuaje?"

"Watu walisema," Mzee Mwadime akajibu upesi. "Usinikate."

Zamu ya Wakesho ilipofika, maji yalikuwa uzi tu. Alipata nusu mtungi, akajitwika. Alipofika kwenye kona ya kanisa akakaa chini, na hakuinuka tena mwenyewe. Wanawake walimbeba kwenye leso hadi kwa Mama Mghoi, mkunga. Jua halijazama, mimba ilikuwa imetoka.

Kesho yake Mama Mghoi alishuka bombani bila mtungi, akasimama mbele ya foleni. Kila mtu alikuwa akitazama miguu yake mwenyewe.

"Ni kule kusimama juani, mama?" mtu mmoja akauliza. "Au ni ule mtungi?"

"Sijui," akasema mkunga. "Mimba changa huweza kutoka hata mwenye nayo akiwa kitandani, na nyingine hushika hata mama akilima kutwa. Siwezi kumtwika mtu jambo ambalo sikulishuhudia. Lakini aliamka na damu. Angekuja kwangu mapema ningemlaza, ningemtafutia gari la kwenda hospitali. Hakuja. Siku moja tu alifungua mdomo, mkamcheka."

Kisha akamgeukia kijana. "Wewe ulitaka uione. Basi nikwambie, mwanangu: miezi ya mwanzo ndiyo wengi wetu huumwa zaidi, na ndiyo miezi ambayo hakuna cha kuona. Mimba huanza tumboni, haianzi machoni."

Tangu siku hiyo kamati ikageuza sheria yake: mwanamke akisema ana mimba, anaaminiwa, basi.

"Na yule kijana?" Aliyeuliza ni yule msichana wa debe. Unga wake ulikuwa tayari, lakini alikuwa amesimama mlangoni, hajaondoka.

"Ah, yule." Mzee Mwadime akasafisha koo. "Alijuta sana. Jioni hiyohiyo alichukua mtungi wa maji wa kwao, akampelekea Wakesho nyumbani. Akapiga magoti mlangoni, akasema, 'Shemeji, nisamehe.' Naye Wakesho, kwa kuwa alikuwa na moyo mwema, akamsamehe, na hivyo—"

"Hakupiga magoti," akasema Nyanya Saru.

Ungo ulikuwa umetulia mapajani mwake.

"Saru, wewe ulikuwa—"

"Nilikuwa ndani, nimemshika Wakesho mkono. Kwenye foleni nilikuwa wa nne, na nilicheka, tena nilicheka nikashika mbavu. Ndiyo sababu nilikwenda kumwuguza. Nimekuwa nikiisema methali hii kila mwaka, na kicheko kile bado hakijanitoka. Tulisikia mtungi ukiwekwa kwenye kizingiti. Wakesho akaniambia, 'Mfungulie, huyo ni yule kijana, amekuja kusema neno.' Nikafungua. Nikaona mtungi, na mgongo wa mtu anayekimbia."

Ndani, mashine ilizimwa. Hakuna aliyesogeza gunia.

"Alilingoja neno hilo miaka arobaini," nyanya akaendelea. "Mwaka jana tulipomzika ulisimama nyuma kabisa ya watu, nilikuona. Na jina la yule kijana mchwa hawajalila, Mwadime. Liko hapa, limekalia gunia la mahindi, limevaa kofia."

Vijana wote walimtazama mzee. Alijaribu kucheka, kicheko kikafika nusu kikarudi. Akaivua ile kofia, akaishika magotini kwa mikono miwili.

"Nilimtazama," akasema hatimaye, sauti ikiwa ndogo. "Haki ya Mungu, Saru, nilimtazama. Sikuona kitu."

"Najua," akasema Nyanya Saru, akiziinamia mbaazi zake. "Mimba huanza tumboni, haianzi machoni."