Bonde Lipewe Jina la Nani?

Sogeeni karibu mnisikilize vizuri, maana nikimaliza nitawauliza nyinyi.

Katika nchi ya Ilundo waliishi watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja na kipaji chake. Mzee Lugome aliweza kuviona vita kabla havijapiganwa. Mwanawe wa pekee, Mgata, akisimama mahali hakuna wa kumwondoa. Na Semeni, mke wa Mgata, alikuwa mzaliwa wa ng'ambo ya mto. Alizijua lugha za pande zote mbili, na njia zake pia.

Lugome alipanga vita vya watemi watatu: babu, baba, na sasa mjukuu. Uzeeni hakushika tena mkuki. Aliweka ungo mbele yake, mahindi yakawa ni Ilundo, maharage yakawa adui, akayasogeza mpaka ajue nani asimame wapi.

Mwaka mmoja watu wa ng'ambo walijikusanya kuja kuiteketeza Ilundo. Mtemi akamwendea.

"Babu, wametuzidi mno. Tufanyeje?"

"Nikijua watavukia wapi, nitakwambia."

Semeni akajitwisha vyungu, akavuka mto kama mchuuzi, akaingia kambini kwa adui. Ndugu zake wawili walikuwa katika jeshi hilo. Kaka yake mkubwa hakumwona. Mdogo wake alimtambua, akamvuta pembeni, akamkumbatia.

"Dada, usirudi kule. Kesho kutwa tunavuka kwenye kivuko cha mawe. Nakuomba, usirudi."

Semeni alilia njia nzima. Lakini alirudi, na alisema.

Lugome akauweka ungo. Jeshi kubwa lingezunguka kupitia milimani na kumpiga adui kwa nyuma. Wachache wangemzuia kivukoni mpaka jeshi lifike. Akachukua punje moja ya hindi, akaiweka pale kivukoni.

Mgata akauliza, "Baba, punje hiyo ni nani?"

"Ni wewe."

"Nayo inarudije?"

"Miaka yote nimepeleka watoto wa wenzangu, mwanangu. Leo nimetafuta mwingine wa kumweka hapo, sikumpata. Wewe ukisimama, vijana hawatakimbia."

"Sawa, baba," akasema Mgata, akaenda kumuaga mkewe.

Adui walifika kama Semeni alivyosema. Mgata akasimama katikati ya maji. Vijana wake wakaanguka mmoja baada ya mwingine, naye akabaki, amejaa majeraha, mpaka aliposikia baragumu za Ilundo nyuma ya adui. Hapo ndipo alipojiegemeza kwenye jiwe.

Ilundo ilipona. Mgata alikutwa ameegemea jiwe, amekufa. Karibu naye walikuwa wamelala kaka wa Semeni na yule mdogo wake. Semeni aliwaosha wote watatu kwa maji ya mto uleule, na hakutaka mtu amsaidie.

Msiba ulipopoa, Mtemi akaita baraza. "Bonde hili la kivuko litaitwa kwa jina la aliyetuokoa. Jina ni moja tu."

Wazee wakabishana mpaka sauti zikakauka. Lugome akainuka kwa shida.

"Msilipe bonde jina langu. Nimeshinda vita vyote, na sina mtoto wa kunizika."

Wakamgeukia Semeni.

"Mkiliita Mgata nitashukuru," akasema. "Lakini aliyetoa siri ni mdogo wangu, kwa kunipenda. Naye nimemuua kwa mdomo wangu. Yeye mnamweka wapi?"

Mtemi akajifunika uso kwa shuka, na baraza likavunjika bila jina kutolewa.

Sasa nyinyi mlioketi hapa. Bila Semeni, Lugome asingejua pa kuanzia. Bila Lugome, Mgata angekufa bure. Bila Mgata, adui wangevuka kabla jeshi halijafika. Na yule kijana wa ng'ambo, je, tumhesabu au tumwache? Haya, kila mmoja aseme lake: wewe ungelipa bonde lile jina la nani?