Kwa Nini Mfinyanzi Hulia Gaeni

Sogeeni, ninyi mnaomcheka mfinyanzi. Mnasema mwenye vyungu mia anakula kwenye kipande cha chungu kilichovunjika, na mnamwita bahili, au maskini, au mtu anayeuza hata chombo chake cha chakula. Semeni mpendavyo, ulimi hauna mfupa. Lakini msemo huo una mama yake, na mama yake hakuwa bahili wala maskini. Alikuwa na wivu.

Zamani hizo vyombo vyote vya udongo vilikuwa vitupu. Shingo tupu, bega tupu, tumbo tupu. Mtungi wa mama huyu ulifanana na wa yule kama mayai ya kuku mmoja, hata ikabidi kila mwanamke aufunge wake uzi wa ukindu shingoni asije akabeba wa mwenzake kisimani. Hakuna aliyeona tatizo. Mtungi ni wa maji na chungu ni cha mboga. Kisipovuja, kimemaliza kazi yake duniani.

Katika kijiji kilichokaa chini ya kilima cha Kororo, aliyelinda desturi hiyo alikuwa Umazi. Yeye ndiye mwenye shimo la udongo. Hakuna mwanamke aliyetia jembe pale bila kumpigia hodi kwanza, na aliyefinyanga kitu kisichompendeza alinyimwa udongo mpaka msimu mwingine. Msimchukie mapema, maana mkono wake ulikuwa mkono kweli. Vyungu vyake havikupasuka motoni, na hakuna bibi harusi aliyeondoka kwao bila mtungi wa Umazi kichwani. Watoto hakujaliwa. Mume alikuwa mtu wa mitego, siku nyingi yuko porini. Basi watu waliposema, "Huu ni wa Umazi," neno hilo ndilo lililokuwa mtoto wake, na alilibeba mgongoni kila aendako.

Ndipo mdogo wake Mwero akaoa, akamleta Mbeyu. Mbeyu alijua kufinyanga, ila hakumshinda wifi yake. Ukuta wa mtungi wake mara nyingine ulikuwa mnene upande mmoja. Lakini siku moja, mtungi wake ukiwa mbichi bado, aliokota ganda la konokono, akalikandamiza shingoni, akalikandamiza tena, akazunguka. Kisha kwa ukucha akachora begani vistari vilivyoinama kama mvua ya upepo. Mahali pamoja aliruka, akapaacha wazi, akaendelea.

Umazi alipopita kukagua vyombo kabla ya kuchomwa, alisimama.

"Wifi, mikwaruzo hii inashika maji?"

"Haishiki, wifi yangu."

"Inayapoza?"

"Haipozi."

"Sasa ya nini?"

Mbeyu akafikiri, maana alikuwa hajajiuliza. "Sijui. Kazi ilikuwa imekwisha, mkono ukataka kuendelea."

Umazi akacheka kwa sauti ili wengine wasikie, akauacha mtungi uchomwe. Alitaka watu wauone wamcheke Mbeyu.

Walimcheka? Thubutu! Mbeyu alipoufikisha mtungi ule kisimani, wanawake walitua yao chini, wakasahau kuteka. Mmoja alipitisha kidole kwenye vile vistari mpaka kikafika pale palipoachwa wazi, akavuta pumzi, akaendelea hadi mwisho. Akaja mzee Mwagona, mtu ambaye hata wali wa harusi hakuwahi kuusifu, anatafuta mbuzi wake aliyepotea. Akachuchumaa mbele ya mtungi. Alipoinuka alirudi nyumbani na uso mkunjufu, bila mbuzi.

Hapo roho ikamuuma Umazi. Hapana aliyemnyang'anya kitu. Watu waliendelea kumwamkia, maharusi waliendelea kuagiza mitungi yake. Lakini alikuwa ameona jinsi walivyochuchumaa. Mitungi yake waliinunua, wakaibeba, wakainywea. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuichuchumalia.

Akajifungia ndani siku tatu. Alitoka mara moja tu, akaenda kwa Mbeyu kwa kisingizio cha kuomba chumvi, akahesabu vile vistari, akarudi akachora vyake, idadi ileile, vimenyooka kuliko vya Mbeyu, na pengo akaliweka palepale. Alipouchoma mtungi wake akauweka kisimani, akajitia anafua. Watu wakapita. "Mzuri," walisema, wakateka maji wakaenda zao. Jioni akamwonyesha mumewe. Mumewe akasema ni mzuri sana, akauliza kama mboga imeiva.

Siku ya pili Umazi akatoa amri: atakayetia alama kwenye chombo, shimo limefungwa kwake. Nao wanawake wa zamani zile walikuwa watiifu mno, au waoga, sijui. Mbeyu naye alitii. Aliinamisha kichwa akafinyanga vyungu vitupu msimu mzima, na ukuta wake ukazidi kuwa mnene. Kisimani aliacha kuimba. Umazi aliyaona hayo yote, na nitawaambia ukweli, alifurahi. Furaha hiyo ilidumu mpaka alipogundua kwamba kila asubuhi anapita njia ndefu ya kwenda shimoni, ile inayopita nyuma ya nyumba ya Mwero, ili autupie jicho mtungi ule mmoja uliobaki.

Asubuhi moja Mwero na mkewe walikwenda kuvuna mtama. Umazi akaingia uani. Mtungi ulikuwa mlangoni, umelowa, jua limeupiga kwa ubavu na kila kistari kimepata kivuli chake. Akasimama autazame kidogo tu.

Hakujua alisimama kwa muda gani. Jua lilipanda. Udongo wake ulikuwa unakaukia shimoni, na hakuukumbuka. Kwa muda ule hakuwa mwenye shimo, hakuwa wifi wa mtu, hakuwa tasa, hakumtaka mtu amsifu, wala hakutaka mtungi ule uwe wake. Macho yake yalizunguka na ile mvua ya upepo, yakafika penye pengo, yakapumzika. Alikuwa mwepesi, kama alivyokuwa utotoni kabla hajaambiwa afanye kitu chochote.

Kisha kuku akalia, akakumbuka kwamba yeye ni Umazi. Na wivu ulioondoka peke yake ukarudi na ndugu zake. "Kumbe hata mimi!" alisema. "Hata mimi ananichuchumaza!" Akashika mchi uliokuwa umeegemea kinu, akauinua kwa mikono miwili, akaupiga mtungi.

Mbeyu aliporudi, alimkuta wifi yake uani, anamsikitikia. "Pole, wifi. Nimepita nikakuta mbuzi ameuangusha."

Lo, mfinyanzi amdanganye mfinyanzi kuhusu chombo kilichovunjika! Kosa hilo lisingefanywa hata na mtoto wa hapa. Mtungi ulioangushwa hupasuka ubavuni, shingo ikabaki nzima. Mtungi uliopigwa kutoka juu hufunguka shingo, na vipande vikatawanyika pande zote. Mbeyu alichuchumaa, akakigeuza kipande, akakiweka. Akatazama mchi, ambao ulikuwa na maji.

"Mbuzi huyu," alisema taratibu, "alikuwa na mikono miwili."

Alivikusanya vile vipande kwenye ungo akampa Umazi, maana ndiyo desturi: magae humrudia mwenye shimo, naye huyasaga akayachanganya na udongo mpya ili uwe na nguvu. Umazi akaupokea ungo.

Alisaga siku nzima. Kipande kimoja kilimshinda. Kilikuwa cha bega, kipana kama kiganja kilichokunjuliwa, chenye sehemu ya ile mvua na lile pengo katikati. Kila alipokiweka juu ya jiwe, mkono ulikataa, nao ulikuwa mkono usiowahi kumkatalia kitu. Akakificha. Na kwa kuwa hakutaka mumewe aulize kinahifadhiwa kwa nini, akakipa kazi: alikipindua, akatia ugali na mboga upande wa ndani, akala humo. Chini, vidole vyake vilishika vile vistari. Hakuna aliyeviona. Alivisoma kwa vidole mpaka chakula kikaisha.

Hivyo ndivyo Mbeyu alivyomkuta siku moja mchana, alipopita kuomba chumvi. Nyuma ya Umazi kulikuwa na vyungu vizima arobaini, vimepangwa mpaka ukutani, naye yuko katikati anakula gaeni. Umazi hakukificha tena.

"Nilikuonea wivu," alisema. "Na bado ninakuonea. Usidhani umekwisha kwa kuwa nimesema."

Mbeyu akakaa chini. "Kisage hicho, wifi. Nipe udongo nikufanyie kingine."

"Kama kile?"

"Kama kile siwezi. Ukiniambia kama kile, mkono unalala."

"Basi nifundishe mimi."

"Hilo nalo siwezi." Mbeyu akamtazama kwa huruma, jambo lililomuuma Umazi kuliko matusi. "Ninaweza kukupa mgongo tu, nisikutazame."

Wakaenda shimoni. Umazi aling'oa boriti aliyokuwa ameufungia mlango wa shimo, akaitupa, na mpaka leo hakuna aliyeirudisha. Wakafinyanga. Ilipofika shingoni, wakapeana migongo. Umazi alikaa muda mrefu na ganda la konokono mkononi, akiogopa kama mwari. Mwishowe akaliweka chini, akatumia kidole gumba. Alama ikatoka nene, imepinda, haikufanana na kitu chochote cha Mbeyu. Watu hawakuichuchumalia. Lakini yeye, alipoitazama, alicheka peke yake.

Na tangu siku hiyo shimo la udongo halina mwenyewe, na hakuna mitungi miwili yenye shingo moja. Mfinyanzi akifika penye nakshi, wenzake humpa mgongo, wasimwamuru hata kwa macho. Na adhuhuri, akiwa amezungukwa na vyungu vyake vizima, mfinyanzi hulia gaeni. Mkipita mkamkuta, acheni kucheka. Tazameni vidole vyake chini ya gae. Anakishika kitu kizuri alichokivunja kwa mikono yake mwenyewe, ili kesho akipita uani kwa mwenzake, mikono hiyo ikumbuke.