Asali ya Daraja

Hapo zamani, Unyamwezi ilipokuwa na asali nyingi kuliko maneno, na maneno, jamani, hayakuwa haba, palikuwa na mjane aitwaye Kalunde. Alilina mizinga aliyoachiwa na marehemu mumewe, Kasanda.

Kila msimu, kila nyumba ilimpelekea mtemi kibuyu cha asali. Makubaliano yalikuwa iuzwe kwa wasafiri, zipatikane kamba na mafundi wa kujenga daraja la mto, basi. Kalunde alitoa kibuyu chake bila kununa, maana bintiye aliolewa ng'ambo ya mto huo na sasa alikuwa mjamzito. Na desturi yao ilikuwa moja: bibi atakayewahi kumpokea mjukuu ndiye ampaye jina. Kalunde alishaliweka lake tayari: Kasanda.

Mara kijiji cha jirani kikaungua, nyumba na mtama wote. Watu wakaja na watoto wanalia njaa. Mtemi Mihambo akawahurumia. Akamwambia Ngassa, mtunza ghala, "Fungua! Asali yote ikabadilishwe kwa chakula." Ngassa akafungua. Watu wakashangilia, na aliyepiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka ni nani? Kalunde huyo huyo!

Masika yakaja. Mto ukafurika, daraja hakuna. Binti akashikwa na uchungu, Kalunde yuko ukingoni kajishika kichwa. Maji yalipopungua akavuka mbio, akamkuta bibi mwenzake kampakata mtoto, keshampa jina la kaka yake mwenyewe, mwizi wa kuku! Kalunde alilia, wee!

Akarudi moja kwa moja hadi kwa mtemi.

"Mtemi, huruma ilikuwa yako, asali ilikuwa yetu. Si ungetoa ng'ombe wako? Haya, jaza ghala!"

"Ng'ombe wangu wangetosha watu wote wale? Au niwatazame wakifa? Kila nyumba itoe tena."

"Mimi msinitazame," Ngassa akadakia. "Niliamriwa."

"Uliamriwa! Na ulijua ni ya daraja. Mdomo wa kuuliza huna?"

"Niulize vipi, mama, na wewe uko mlangoni pangu unapiga vigelegele?"

Machozi yakamtoka Kalunde upya.

Mpaka leo daraja halijajengwa, na ng'ambo kule mtoto anaitikia jina la mwizi wa kuku. Haya, nyie mnaocheka: mtemi aliyegawa cha watu, Ngassa aliyefungua, au Kalunde aliyeshangilia. Je, nani alistahili kulijaza ghala lile?