Lundo Ukutani kwa Bi Mwanahija

Jumamosi saa moja asubuhi, lundo la taka lilikutwa tena ukutani kwa mjane, Bi Mwanahija. Kanuni ya mtaa ilikuwa moja: taka za ukutani kwako ni zako. Mjumbe wa mtaa alisimama hapo akimtaka azizoe.

Jirani yake tajiri, Bwana Shekiondo, alicheka getini kwake. "Zoa, mama, zinanuka!"

"Nazoa, baba. Ila kuna pete ya dhahabu hapa."

Shekiondo akaja mbio. "Ya mke wangu! Aliitupa jana kwa bahati mbaya."

"Kwenye taka hizi?"

"Hizi hizi! Hata boksi hilo la televisheni ni letu."

Bi Mwanahija akainua mkono. "Pete ni hii ya kidoleni mwangu, aliniachia marehemu. Mjumbe, umesikia?"

Saa mbili Shekiondo alionekana akisukuma toroli la taka kuelekea kwake.