Ukuta wa Ngiri na Matundu Matatu

"Hadithi, niifungue?"

"Ifungue, tusikie."

Hapo kale, kale mno, Ngiri alijenga nyumba chini ya kilima. Masika ya kwanza, udongo uliporomoka ukaingia uani. Masika ya pili, ukaingia jikoni. Mkewe akakunja mkeka wake, akasema tope likiingia tena, atarudi kwa mama yake.

Ngiri akamwita Mhanga, fundi wa mawe. Mhanga akajenga ukuta mnene wa kuuzuia udongo, akaacha chini yake matundu matatu, maji ya kilimani yapate pa kutokea.

Ngiri aliyatazama matundu yale, moyo ukamuuma. Majirani wangesema ameishiwa mawe.

"Usiyazibe, bwana," Mhanga akamwambia, akaenda zake.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Maji yakachuruzika uani yakiimba:

*Niachie tundu langu,*
*nipite niende zangu.*

Ngiri akaona haya, akaziba tundu moja.

Mvua ya pili ikanyesha. Maji yakaimba vilevile. Ngiri akaziba la pili. Ukuta ukaanza kuvimba.

"Mume wangu, ukuta una tumbo," mkewe akasema.

"Umeshiba," akajibu Ngiri.

Mvua ya tatu ikanyesha. Ngiri akaziba la tatu. Kimya. Mvua ilipokatika, aliweka kigoda chake uani, akauegemea ukuta, akamwita mkewe aje aone kazi ya mwanamume.

Mkewe akasimama mlangoni, akatazama.

"Mume wangu, mbona unakuja na kigoda?"

Ngiri akageuka. Ukuta ulikuwa ukimsukuma, taratibu, kuelekea nyumbani. Akatimua mbio, ukuta, tope na kilima vikamfuata hadi jikoni. Alipochomoka, chungu kichwani, mkewe na mkeka wake walikwisha kufika njia panda.

Siku tatu Ngiri alikwenda ukweni kubembeleza. Siku ya tatu mkewe akamwambia hatarudi mpaka ayasikie maji yakiimba.

Mhanga akaitwa tena. Safari hii Ngiri mwenyewe aliomba matundu sita. Mvua ikanyesha, maji yakaimba, mke akarudi na mkeka wake.

Fisi akapita, akacheka. "Jirani, ukuta wako unalia."

"Uache ulie," akasema Ngiri. "Ule wa kwanza ulinyamaza, ukaja kulala jikoni kwangu."

Funzo ni hili: anayekataa neno la fundi kwa kuogopa kuchekwa, atachekwa akiwa na tope masikioni.

Nami hadithi hii siizibi. Naiachia tundu lake, ipite iende zake.