Jaa la Bi Kirembo

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ile ambayo kuku alikuwa bado anabisha hodi kabla ya kuparura uwanja wa watu, palikuwa na mama mmoja kijijini Mtakuja akiitwa Bi Kirembo. Mume alikuwa naye, Mzee Kheri, mtu wa maneno machache. Binti alikuwa naye, Mwanakombo. Na jaa alikuwa nalo nyuma ya nyumba, jaa refu kuliko jiko lake.

Bi Kirembo alikuwa mtu wa kutupa. Akipika anatupa, akila anatupa. Ukoko anatupa, maganda anatupa, vifuu vya nazi anatupa. "Asiye na jaa," akiwaambia majirani, "hana chakula." Majirani wakinyamaza, maana nzi walikuwa wengi na ukifungua kinywa anaingia mmoja. Usicheke, Pandu, funga na wewe chako.

Basi Mwanakombo akapendana na Makame, kijana wa kijiji cha pili, wakapendana mpaka wakakonda. Posa ikaletwa. Zamani zile posa haikutimia mpaka shangazi wa kijana aende kwa kina binti, si kumtazama binti, la, kutazama jaa. Ndiyo mila yao, msiniulize mimi.

Bi Kirembo alipoambiwa, moyo ulimchanua. "Kumbe wanataka jaa tu? Watalipata." Akatupa wali uliobaki, akatupa mwiko uliopinda, akatupa kawa la kufunikia chakula kwa sababu ya tundu moja. Mzee Kheri akaivua kofia yake kuukuu, akaikalia.

Shangazi akaja, Bi Mize, kizee na bakora yake. Akapita moja kwa moja nyuma, akachokoa.

"Huu si ukoko?"

"Ukoko, bi mkubwa. Sisi hapa hatuli ukoko."

"Na chicha hizi zimekamuliwa mara ngapi?"

"Mara moja tu. Tui la pili ni la wenye dhiki."

"Na kawa hili?"

"Lina tundu."

"Matundu mangapi?"

"Moja," akajibu Bi Kirembo kwa maringo.

Bi Mize akaifuta bakora yake kwa jani. "Binti yenu ni mzuri. Kaeni naye."

Posa ikavunjika pale pale. Mwanakombo akajifungia chumbani, na mlango ule uliofungwa ukamuuma mama yake kuliko kelele. Bi Kirembo akaona aibu, akamkimbilia yule kizee njiani.

"Bi mkubwa, nipe mpaka mavuno."

"Mpaka mavuno. Baada ya hapo Makame ataposa kwingine."

Basi Bi Kirembo akageuka. Nazi akaikamua tui la kwanza, akaikamua la pili, chicha akawapa kuku. Vifuu, vingine akavichongesha pawa za kuchotea mchuzi, vingine akawashia moto. Maganda yakawa ya mbuzi. Wali akaupima kwa matumbo yaliyopo. Ukoko akaula kwa mchuzi, akashangaa utamu wote aliokuwa akiutupa. Kawa akalishona kwa ukindu. Na jaa lenyewe, lililokwisha kuoza, akalibeba kwa pakacha mpaka migombani, migomba ikanenepa. Alizidisha kidogo, msiseme nimesema: ilifika mahali Mzee Kheri akipiga chafya anatazama huku na huku, asije akaulizwa kwa nini ameipoteza.

Mavuno yakafika, na Bi Mize naye. Akapita nyuma. Akaona kuku, akaona mbuzi, akaona migomba.

"Jaa liko wapi?"

"Limeliwa," akasema Bi Kirembo.

Kizee akachokoa kila pembe, akapata kigae kimoja cha mtungi, nacho kuku walikuwa wakinywea maji. Akakaa chini, akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi. Sasa nikwambie ukweli, mwenzangu. Makame anakoroma. Ukimtuma chumvi analeta kamba. Akivua kanzu haijui tena ilipo. Nyumba inayotupa kitu kwa tundu moja ingenirudishia kabla ya fungate kwisha, nami, Mungu anisamehe, nimechoka naye."

Harusi ikafungwa wiki ile ile, kabla Bi Kirembo hajapata nafasi ya kufikiri.

Basi, wajukuu zangu, jaa kubwa si shibe. Kabla hujatupa kitu, kiulize kama kazi yake imekwisha. Na kisa changu, kikiwa kizuri ondokeni nacho. Kikiwa kibaya niachieni, nitakitafutia kazi.